Noleo

Linaitwa noleo,
na wengi wanaoshika kisu kila siku hawalijui jina hilo.
Ni ile pete shingoni mwa mpini,
pale mti unapokoma na chuma kinapoanza,
pale pasipoaminika.

Nililijua Makoroboi, mwaka nilioacha shule,
kibandani kwa Bugumba Lushinge.
Alikuwa akikata bomba la friji bovu,
shaba nyembamba, bado inanuka gesi,
akilisugua kwa majivu
mpaka linapata rangi ya sato aliyekaangwa.
Kisha msumeno.
Vipete vikidondokea kopo la maziwa ya unga,
nami navihesabu kwa kidole,
kimoja kila mara kikikimbilia mfereji.

"Chanda chema huvikwa pete," walimtania,
"wewe unavivisha vipini vya mwarobaini?"
Hakujibu. Alikuwa na misumari mdomoni.

Pete huingia ikiwa moto.
Hili nilifundishwa bila maneno:
unaichoma ipanuke, unywele mmoja tu,
unaisukuma kwenye mti ulioachwa mnene makusudi,
unachovya kwenye ndoo ya maji ya ziwa.
Chwaa!
Shaba inajikaza, inaukumbatia mti kama mwenye hasira,
na tangu hapo mpini hauna ruhusa ya kupasuka.

Zamani aliviuza bila noleo.
Pungufu ya mia tano.
Kimoja alikinunua shangazi yangu, Holo,
mpasua sangara wa Mwaloni, Kirumba.
Siku moja ya Jumanne, samaki wa kilo thelathini,
mfupa ukagoma,
mpini ukachanika kama muwa,
kisu kikarudi kumtafuta aliyekishika.
Kidole gumba cha Holo hakijakunjwa tena.
Hakuja kudai.
Alizifunga zile nusu mbili za mpini kwenye gazeti,
akaziweka juu ya fuawe,
akaenda kutafuta kazi ya mkono mmoja.

Ziko pale mpaka leo, zimening'inia juu ya mlango.
Mteja akisema, "Toa hiyo pete, unipunguzie,"
Bugumba huinua kidole bila kugeuka.
Wengine huelewa.
Wengine huvuka barabara kununua vya plastiki.

Ndipo nikaanza kuyaona kila mahali:
kile kibati kinachoshika kifutio cha penseli,
nilikitafuna darasa la tatu na ladha yake ninayo;
kikofia kwenye ncha ya mwavuli;
vibati vya ncha za kamba za viatu, ambavyo vikitoka
unalamba uzi na tundu halikutaki;
zile pete za matundu ya turubai juu ya dagaa,
upepo wa ziwa unavuta, zinang'ata kamba, haziachii.

Juzi aliniita.
Alikuwa amepinda kipande cha bomba la maji,
amekiziba chini, amekipiga kikawa kama kikombe cha panya.
"Peleka Mabatini. Nasikia shangazi yako
sasa anapanda yale mawe kwa fimbo.
Mwambie ni bati tu."

Nilimkuta akichambua mchele.
Alikigeuza kile kikofia kwa vidole vinne,
akakipima kwenye ncha ya fimbo iliyochakaa kama mswaki,
kikaingia bila kubishana.
Akagonga jiwe mara moja. Ngu.
Mara ya pili.
"Ametoza?"
"Hapana."
Akafungua pindo la kanga, polepole, kwa ule mkono,
akatoa sarafu.
"Mpe mia tano yake."

Bugumba aliishika muda mrefu kuliko pesa inavyoshikwa.
Hakuitia mfukoni.
Aliitumbukiza kopo lile lile la vipete,
akarudi kwenye msumeno.

Tangu siku hiyo kila nikihesabu
hesabu yangu inazidi moja.